Umeme wa jua mu kanyumba ka chumba kimoja: tusilipe giza

Dunia yote inazungumza juu ya cobalt yetu. Karibu asilimia 70 ya cobalt inayochimbwa duniani inatoka Kongo, na inatoka huku kwetu, mu Lualaba na Haut-Katanga. Shaba ni vilevile: inatumiwa mu mota na mu pano za jua. Lakini tembea saa mbili ya usiku mu avenyu za nyuma za Kakanda, kule wanakolala wafanyakazi wa sou-tretansi. Utaona torchi ya telefoni, buji, na makala yanayowaka mu mbabula.

Si kwamba umeme hauko. Union Minière ilijenga barrage ya Mwadingusha ku mto Lufira, ikaanza kutoa umeme mwaka 1930. Zikafuata Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, zote mbili ku Lualaba. Mwaka 1982 laini ya Inga ikafika Kolwezi, karibu kilometa 1 700, ikipita juu ya vijiji ambavyo mpaka leo havina hata lampi moja. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulisha usine. Mama mmoja alituambia: “Ile laini inapita pa mutwe yetu, inaenda ku usine. Shiye tuko tunaitazama tu sawa ndege.”

Wakati wa Gécamines, mfanyakazi alipewa nyumba ya cité, umeme ndani, na unga wa posho. Halafu mwaka 2003 zikaja zile départs volontaires, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakaondoka, na wengi wanajua “kupenda” kwao kulikuwa kwa namna gani. Kijana anayeingia kazi leo ku kampuni ya sou-tretansi hapewi nyumba. Anapangisha chumba mu parcelle ya mtu, ao anajijengea kanyumba ka matofali mabichi, meta tatu kwa nne, mabati juu, na mawe juu ya mabati. Kungojea waya ya SNEL ifike kule ni kungojea sana. Njo maana watu wanakimbilia jua.

Na hapo ndipo shida ilipoanza. Ku komite ya sendika malalamiko yalikuwa mengi: watu wanakatwa mshahara kila mwezi juu ya vifaa vya jua ambavyo vimekwisha kufa. Tukajigawa, tukazunguka nyumba kwa nyumba na mita ya kupimia umeme. Dereva mmoja wa lori ya madini alikuwa amesaini kukatwa kwa miezi kumi. Vifaa vyake viliwaka mpaka mwezi wa ine. “Ni bongo tu,” alisema. “Minalipa giza.”

Tulichoona ku nyumba nyingi ni kwamba jua halina kosa. Kosa liko ku karatasi iliyobandikwa nyuma ya pano. Karatasi inasema wati 200, na pano yenyewe ni kubwa kama sahani ya kubebea chai. Hapa hauhitaji injenia. Pano nzuri inatoa karibu wati 200 kwa meta moja ya mraba. Kwa hiyo pano ya wati 100 lazima iwe karibu nusu ya meta ya mraba, tuseme meta moja urefu na zaidi kidogo ya nusu meta upana. Chukua meta ya fundi, pima mbele ya muuzaji. Akikasirika, umepata jibu. Batri ya risasi inapimwa kwa mkono: ile ya kweli ya volti 12 na ampea-saa 100 inafika kilo 25 mpaka 30. Ukiiinua kwa mkono mmoja kama mfuko wa chumvi, ndani hamna kitu.

Sasa tufanye hesabu ya kanyumba kamoja. Lampi ine za ledi, kila moja wati 5, zikiwaka saa tano: wati-saa 100. Telefoni tatu: kama 45. Radio ya wati 5 kwa saa sita: 30. Televizyo ndogo ya volti 12, wati 25, saa ine: 100. Jumla 275 kwa siku. Pano ya wati 100 ya kweli, mu siku ya mvua na mawingu ya kawaida, inapata kama saa ine za jua lenye nguvu, yaani 400. Toa karibu asilimia 30 inayopotea njiani, zinabaki 280. Inatosha, bila ziada. Batri ya risasi ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1 200, lakini usitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. Hiyo nusu, 600, inakupa siku mbili za mawingu. Kuna batri nyingine, za lityumu na chuma na fosfati, zinakubali kutumiwa karibu zote na zinaishi miaka mingi zaidi, ila bei yake iko juu. Cobalt hamna hata chembe ndani yake. Wandugu wa mugodi wakisikia hiyo wanacheka, halafu wananyamaza.

Pasi na resho usiviweke mu hesabu. Resho moja inakula wati 1 000 na zaidi. Itamaliza nusu yote ya batri mbele ya saa moja kuisha. Makala yatabaki. Muuzaji anayesema kit yake ya nyumba ndogo itapika chakula, muage kwa heshima.

Jambo moja linatusumbua, kwa sababu mafundi wengi wanafuata maelezo yaliyoandikwa Ulaya: “pano itazame kusini.” Kule Ulaya ni kweli. Sisi tuko chini ya ikweta, karibu digri 11. Kwetu pano itazame kaskazini. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa munane jua letu la saa sita liko upande wa kaskazini kabisa. Inua upande wa kusini wa pano karibu sentimeta 25 kwa kila meta ya urefu, basi. Mvua nayo itaosha vumbi vizuri. Mu kiangazi ni lazima uoshe mwenyewe, asubuhi pano ikiwa bado baridi, kwa maji na kitambaa laini. Pembeni ya barabara ya malori ya madini fanya hivyo kila wiki. Tulipima pano moja mbele ya kusafisha na nyuma ya kusafisha, mwenye nyumba akadhani tumebadilisha pano.

Waya ni aibu yetu sisi watu wa shaba. Ku soko wanauza waya ya aluminiamu iliyopakwa shaba kidogo juu, kwa bei ya shaba. Kwaruza na kisu: ukiona nyeupe, rudisha. Volti 12 haipendi waya nyembamba. Pano ikiwa meta kumi mbali na batri, waya ya milimeta 1,5 inakula karibu asilimia 10 ya nguvu. Chukua ya milimeta 4. Weka fyuzi pembeni ya batri ku waya ya chanya, maana batri ikigusana inaweza kuwasha nyumba nzima. Unganisha batri ku regilateri kwanza, halafu pano. Ukitaka kufungua, anza na pano.

Mu chumba kimoja swali kubwa ni mahali pa batri. Tuliona nyingi chini ya kitanda cha watoto. Hapana. Batri ya risasi yenye maji ina tindikali, ileile tunayoijua ku usine na tunayovalia glavu na miwani, na ikishiba umeme inatoa gesi inayowaka. Jenga kasha ka mbao ku ukuta wa inje, chini ya mabati, juu kuliko mkono wa mtoto, na matundu ya hewa chini na juu. Na kufuli.

Pano isilaliwe na mawe. Funga fremu na bulonyi mpaka ku mbao ya paa, weka mpira na gudroni pale ulipotoboa, acha nafasi ya kiganja kati ya pano na bati ili hewa ipite, kwa sababu pano ikipata joto sana inatoa kidogo. Wengine wanaishusha kila jioni juu ya wezi. Tunawaelewa, ila waya inavunjika haraka. Kulehemu kichwa cha bulonyi ni bora.

Kuhusu yale makato, tumeandikia direksyo ya kampuni inayohusika. Tunaomba vitu vitatu. Kwanza, mshahara usikatwe juu ya kifaa ambacho mdelege na fundi hawajakipima. Pili, muuzaji asaini garanti ya miaka miwili, na kifaa kikifa, makato yasimame siku hiyohiyo. Tatu, tununue kwa pamoja, bila faida juu ya deni. Wakazi wasio wafanyakazi nao wana mlango wao: Kode ya madini ya 2018 inadai kahie ya mashariti kati ya kampuni na wakazi, pamoja na asilimia 0,3 ya mauzo ya mwaka juu ya maendeleo ya wenyeji. Lampi za dispensari na za shule zinaweza kuandikwa mule.

Barua ilipokelewa, tuko na kopi yenye muhuri. Jibu bado. Yule dereva wa lori amebakiza makato ya miezi mitatu.