Saa Moja na Nusu Hata Mwanza

Mara nyingi twawasikia watu wa Dar es Salaam wakisema, "Mwanza si mbali, kwa ndege ni saa moja na nusu tu." Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Na tuyapime pamoja.

Wazee wetu walikwenda Ziwani kwa miguu, na mizigo vichwani. Msafara wa Stanley uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, ukafika Kagehyi, kando ya Ziwa Victoria, tarehe 27 Februari 1875, yaani siku 103. Na wapagazi wengi walifia njiani. Mwaka 1928 reli itokayo Tabora ilifika Mwanza, na safari ikawa ya siku chache. Lakini gari la moshi hupita zaidi ya kilometa 1,200, kwa kuwa halina budi kwenda kwanza magharibi hata Tabora, ndipo ligeuke kuelekea kaskazini. Ndege haifuati reli wala barabara. Hukata moja kwa moja juu ya nchi, mwendo wa kilometa 850 hivi. Basi wepesi wake una sababu mbili: kasi yake, na ufupi wa njia.

Lakini saa moja na nusu ni saa za angani tu. Twamjua kijana mmoja wa Ukerewe afanyaye kazi Dar es Salaam. Siku ya Jumatatu alipigiwa simu kwamba baba yake hawezi. Akajibu, "Nitakuja, kwa ndege si kitu." Akangoja. Siku ya Alhamisi akaambiwa kwamba hali imekuwa mbaya. Alipotafuta nafasi, ndege ya siku ile imejaa. Ijumaa akaondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, akangoja kiwanjani yapata saa mbili, ndipo akaruka. Alipofika bandari ya Mwanza, meli ya asubuhi iendayo Nansio imekwisha kuondoka. Akangoja ya alasiri, akakaa majini yapata saa tatu, mara mbili ya saa alizokaa angani. Alifika kwao usiku. Alimkuta baba yake angali hai, lakini hawezi tena kusema. Alimshika mkono mpaka alfajiri, mzee akafariki.

Kijana huyo hakuilaumu ndege, wala meli. Alituambia, "Nilihesabu saa za angani, nikasahau siku zangu nne."

Basi, ndugu zetu, mtu akitaka kujua urefu wa safari, na ahesabu tangu mlango wa nyumba yake hata mlango wa nyumba aendako: njia ya kwenda kiwanjani, kungoja, mizigo, na njia iliyobaki baada ya kushuka. Na mzazi akiugua, afunge safari siku ile ile apatapo habari. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.