Je, Wajua? Kinga ya Mdondo Huanzia Jichoni

Tone moja la chanjo katika jicho moja hulinda kuku mzima dhidi ya mdondo, ugonjwa unaoweza kufagia karibu kundi zima kwa siku chache. Nyuma ya jicho la kuku kuna tezi inayotengeneza kingamwili. Tone likishuka, kuku akapepesa, virusi dhaifu vya chanjo huifikia tezi hiyo na kuiamsha. Kisha hupita hadi puani, na mwili wote hupata habari. Mshike kuku mpaka apepese. Tone likimwagikia manyoya, hajachanjwa.

Chanjo ya I-2 ilitokana na utafiti wa Australia, na hutengenezwa hapa Tanzania. Inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida. Kwa vijiji vya Ngara na Biharamulo visivyo na friji, hilo ni jambo kubwa mno! Chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku aliyekwisha kupinda shingo na kuharisha kijani haimponyi.

Kuku wa kienyeji hawalingani kwa kinga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na wenzao wa Marekani waliwapima kuku wa aina tatu: kuchi, ching'wekwe na Morogoro wa kati. Uwezo wa kutengeneza kingamwili za mdondo kwa kiasi fulani hurithiwa.

Virusi vya mdondo humpata hata binadamu: jicho huwa jekundu siku chache, kisha hupona. Nawa mikono ukishachanja.