Mvulana wa Turkana na Ombi la Kumficha (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza nilieleza kwa nini siamini kuwa kuna Mungu. Leo nautazama mgogoro wa sayansi na dini pale ulipozuka waziwazi jijini Nairobi: katika Makavazi ya Kitaifa, Museum Hill, mwaka 2006.

Makavazi yalikuwa yamefungwa yakikarabatiwa. Askofu Boniface Adoyo, kiongozi wa makanisa ya kiinjilisti, akaanzisha kampeni ya kutaka masalia ya binadamu wa kale yawekwe chumba cha nyuma, pamoja na tangazo kwamba mageuko ya viumbe ni nadharia tu. Richard Leakey, mtafiti wa masalia hayo ambaye naye hakuwa na dini, alipinga vikali. Milango ilifunguliwa tena 2008, na mifupa haikufichwa.

Aliyegombaniwa hasa ni mtoto mmoja. Agosti 1984, Kamoya Kimeu, bingwa wa kutafuta visukuku kutoka Ukambani, aliona kipande kidogo cha fuvu kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Wenzake walipochimba walipata karibu mifupa yote ya mvulana aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Kimo chake kilikaribia mita 1.6. Taya lake lina alama ya uambukizo pale jino la utotoni lilipong'oka, na huenda ndio uliomuua. Mwanzoni alikadiriwa kuwa na miaka 11 au 12, kwa kulinganishwa na watoto wa leo. Baadaye wataalamu walichunguza mistari ya ukuaji iliyomo ndani ya meno yake, wakaona alikuwa na miaka 8 hivi. Wakasahihisha.

Kwangu, mgogoro uko hapo. Wanasayansi hukosea kila siku, lakini mwingine anaweza kuyarudia meno yale yale akawakosoa. Kampeni ile haikuomba meno yapimwe upya, iliomba yasionekane.

Sisemi kwamba muumini hawezi sayansi. Ifuate Barabara ya Waiyaki hadi Kabete, alikozaliwa Louis Leakey mwaka 1903, mtoto wa wamisionari. Babake, Harry Leakey, alishiriki kutafsiri Biblia kwa Kikuyu. Louis mwenyewe alinuia kuwa mmisionari, akaishia kuchimba, na hakuona kwamba alichokifukua kinampinga Mungu. Richard, mwanawe, aliona vingine. Kwa hiyo mifupa peke yake haimtoi mtu kanisani. Inachokataa ni Mwanzo kusomwa kama kitabu cha historia.

Linaloniuma zaidi liko shuleni. Chini ya mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi alisoma uumbaji katika somo la Dini ya Kikristo akiwa Kidato cha Kwanza, kisha mageuko katika Biolojia, Kidato cha Nne. Kwenye KCSE alijibu kila karatasi ilivyotaka, akapata alama, akaenda zake. Ni walimu wangapi waliowahi kumketisha na kumwuliza anavipatanishaje? Kimya hicho naona ni kibaya kuliko kampeni ya askofu, maana askofu angalau alikiri kwamba kuna mgongano.

Juma lijalo nitaigeukia chanjo ya pepopunda ya 2014. Maaskofu wa Kikatoliki walidai ina homoni ya kuwafanya wanawake tasa, serikali na Shirika la Afya Duniani wakakana. Kesi hiyo ni ngumu zaidi kwangu, kwa sababu safari hii waliopinga hawakuomba kitu kifichwe: walipeleka sampuli maabarani.