Kidau na Sindano: Jinsi Mshindio Unavyopitishwa katika Mitambo ya Kufumia Tepe

1. Utangulizi

Utepe wa nywele, ukanda wa zipu, utambi bapa wa taa na mkanda wa usalama katika gari ni vitambaa kamili, ingawa ni vyembamba. Havikukatwa kutoka katika jora pana. Kila kimoja kilifumwa kikiwa na upana huo huo kinachoonekana nao, na kila kimoja kina kingo zake mbili. Ukingo ndio unaozuia nyuzi zisichomoke. Jora pana likichakaa ukingoni kwa upana wa kidole, lililobaki bado ni nguo. Utepe ukichakaa kiasi hicho, hakuna kinachobaki.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili yanayohusiana. La kwanza ni namna uzi wa mshindio unavyopitishwa katika mitambo ya tepe iendayo kwa kasi. La pili ni istilahi zifaazo kueleza kazi hiyo kwa Kiswahili. Mara nyingi husikika madai kwamba mambo ya mitambo hayaelezeki katika lugha hii mpaka yaazimwe maneno yote ya Kiingereza. Ufumaji ni mahali pazuri pa kuyapima madai hayo, kwa kuwa hapa Kiswahili kina msamiati wake wa zamani, na tena neno la kuazima laweza kumpotosha mwanafunzi.

2. Msamiati wa mfumi wa pwani

Ufumaji si jambo geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba vitambaa vya huko vilipelekwa hata Misri. Vigurudumu vya kusokotea pamba vimefukuliwa katika magofu ya Kilwa. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliwataja watu wa Sofala waliofumua vitambaa vya buluu vya Cambay, kisha wakazifuma nyuzi zake pamoja na pamba yao nyeupe. Hariri za Pate nazo zilisifika katika biashara ya Wareno.

Kutokana na kazi hiyo lugha imerithi maneno thabiti. Nyuzi zinazotandwa kwa urefu juu ya kitanda cha mfumi huitwa mtande, kutokana na kitenzi tanda. Uzi unaopita kwa upana, ukiingia juu ya baadhi ya nyuzi za mtande na chini ya nyingine, huitwa mshindio, kutokana na kushindia, yaani kuujaza na kuukaza uzi huo mahali pake. Liko pia neno taraza, lenye maana ya pambo jembamba linalofumwa pembezoni mwa nguo, na kitenzi chake tarizi. Taraza yenyewe ni kitambaa chembamba. Kwa hiyo mada ya makala haya ilikuwa na jina lake pwani kabla ya viwanda vya leo kujengwa.

Maneno machache zaidi yanahitajika. Baadhi ya nyuzi za mtande zikiinuliwa na nyingine zikashushwa, hutokea njia baina yao. Njia hiyo itaitwa hapa mwanya. Mshindio ukishapita ndani ya mwanya, husukumwa na kifaa chenye meno membamba mengi hadi ukutane na kitambaa kilichokwisha fumwa. Hicho kitaitwa chanuo. Kila mtambo wa kufumia, uwe wa mkono au wa umeme, hurudia matendo hayo matatu: kufungua mwanya, kupitisha mshindio, na kuupiga kwa chanuo. Tofauti kubwa baina ya mtambo wa zamani na wa kisasa imo katika tendo la pili.

3. Kupitisha kwa kidau

Njia ya kale ni kuuzungushia mshindio kijiti, kukitia kijiti hicho ndani ya chombo cha mti chenye ncha mbili, na kukipitisha chombo chote kutoka upande mmja wa mwanya hadi wa pili, kikiacha uzi nyuma yake. Kisha mwanya hubadilishwa na chombo hurejea. Kwa kuwa uzi ni mmoja usiokatwa, hujipinda kila ukingoni na kuushika uzi wa mwisho wa mtande. Kingo zote mbili huwa sawa na imara.

Chombo hiki kina umbo la mashua. Wafaransa hukiita navette na Wajerumani Schiffchen, na maneno yote mawili yana maana ya chombo kidogo cha majini. Makala haya yanapendekeza kiitwe kidau: ni dau dogo lisafirishalo shehena ya uzi, likiipakua kidogo kidogo kila livukapo. Neno la Kiingereza, shuttle, lina asili nyingine, yaani kitu kinachorushwa. Asili hiyo yafaa katika mtambo mpana, ambako mwaka 1733 John Kay wa Uingereza alipata hataza ya kifaa cha kukirusha kidau kwa kuvuta kamba. Katika mtambo wa tepe, hata hivyo, kidau hakirushwi hata kidogo.

Mtambo wa tepe hufuma tepe nyingi kwa pamoja, zikiwa zimepangwa ubavu kwa ubavu, na kila utepe una kidau chake. Chini ya kidau huwekwa safu ya meno, na kila upande wa utepe huwapo gurudumu dogo la meno. Gurudumu la kushoto hukisukuma kidau ndani ya mwanya. Kabla halijakiachia, ncha yake huwa imekwisha kamatwa na gurudumu la kulia, ambalo hukivuta hadi kitoke. Kwa sababu hiyo kidau lazima kiwe kirefu kuliko upana wa utepe wenyewe, na tepe lazima ziachiwe nafasi kubwa baina yao ili kila kidau kipate pa kutokea.

Faida ya mtambo huo ilikuwa dhahiri, na hofu iliyouandama ilikuwa dhahiri vile vile, kwa maana mtu mmoja aliweza kufanya kazi ya wengi. Ulikuwa ukitumika Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1675 wafumi wa London walifanya ghasia na kuichoma mitambo hiyo, na mwaka 1685 amri ya Kaisari iliipiga marufuku katika nchi za Ujerumani. Lakini mji wa Basel, Uswisi, ulikwisha kuupokea mtambo huo kutoka Uholanzi katika miaka ya 1660, na kwa zaidi ya karne mbili tepe za hariri zikawa tegemeo kubwa la mji huo na la vijiji vyake.

4. Kwa nini kidau hakikuweza kuongezwa kasi

Udhaifu wa kidau umo katika shehena yake. Ili upite uzi wenye urefu wa sentimita mbili, hubebwa akiba yote ya uzi pamoja na chombo chake. Chombo hicho hutolewa katika hali ya kusimama, huharakishwa, kisha husimamishwa tena, na baada ya hapo hurudishwa. Nguvu inayohitajika huongezeka kwa kadiri ya uzito, na huongezeka kwa mraba wa mwendo: mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati huzidi mara nne. Matokeo yake ni kelele, mtikisiko na meno kuchakaa upesi. Juu ya hayo, akiba ya kidau ni ndogo, na kila inapokwisha kazi husimama.

Katika mitambo ya vitambaa vipana tatizo hili lilitatuliwa kwa kukata mshindio kila upitapo, na kuuvusha kwa kishikio chepesi au kwa pumzi ya hewa. Utatuzi huo hauufai sana utepe. Kila uzi ukikatwa huacha ncha mbili zilizo huru pembeni. Sentimita moja ya ncha katika nguo ya mita mbili ni hasara ndogo. Katika utepe wa sentimita moja ni hasara iliyo sawa na utepe wenyewe. Ilitakiwa njia ya kuutua mzigo bila kuukata uzi.

5. Kupitisha kwa sindano

Njia hiyo ni mtambo wa sindano, ulioenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kampuni ya Jakob Müller, iliyoanzishwa mwaka 1887 katika mji wa Frick, Uswisi, ni miongoni mwa watengenezaji wake wanaojulikana sana.

Katika mtambo huu akiba ya uzi haivuki. Hukaa imetulia nyuma ya mtambo katika pia kubwa, ambayo yaweza kutumika kwa muda mrefu. Kinachovuka ni sindano ya mshindio: ni chuma chembamba kilichopinda kama mundu, chenye tundu nchani, kilichofungwa katika mhimili unaokwenda na kurudi. Mwanya ukifunguka, sindano huingia kutoka upande mmoja ikiukokota uzi. Kwa kuwa uzi umeshikwa nyuma na utepe na unatoka mbele katika pia, hauingii kama uzi mmoja bali kama kitanzi chenye nyuzi mbili sambamba.

Ng'ambo ya pili, kitanzi hicho hungojwa na sindano ya ulimi, iliyo kama ya mashine za kufumia fulana. Ina kulabu nchani, na juu ya kulabu umo ulimi mdogo unaofunguka na kufunga. Kulabu hukinasa kitanzi kipya. Sindano ya mshindio hurudi ilikotoka. Kulabu, ikirudi nyuma, hukivuta kitanzi kipya ndani ya kitanzi kilichotangulia. Chanuo hupiga, na zamu nyingine huanza. Hivyo ukingo wa upande wa kwanza hufumwa kama kawaida kwa uzi unaojipinda, na ukingo wa pili hufungwa kwa mnyororo wa vitanzi.

Uzi kutoka katika pia hugawiwa na magurudumu yatoayo urefu ule ule kila zamu. Yakitoa zaidi, vitanzi hulegea na kuning'inia. Yakitoa pungufu, utepe hubanwa na kuwa mwembamba kuliko ilivyokusudiwa.

Tofauti ya mwendo yaweza kuonyeshwa kwa hesabu nyepesi. Mitambo ya sindano ya tepe nyembamba huweza kufanya zaidi ya zamu 2,000 kwa dakika. Tuchukue zamu 2,000 kamili: kila zamu ina sehemu 30 tu za elfu za sekunde, na ndani yake sindano zote mbili na chanuo hukamilisha matendo yao. Utepe ukihitaji vitanzi 20 kwa kila sentimita, mtambo hutoa mita moja kwa dakika. Tuchukue upande wa pili kidau kivukacho mara 150 kwa dakika. Kwa kuwa kila mvuko huacha uzi mmoja, itahitajika mivuko 40 kupata kiasi kile kile cha uzi katika sentimita moja, na kwa dakika hutoka utepe usiofika sentimita 4.

6. Gharama iliyolipwa ukingoni

Kasi hiyo haikupatikana bure. Mnyororo wa vitanzi ni mshono ule ule unaofunga mdomo wa gunia la unga au sukari. Kila aliyefungua gunia anajua kwamba uzi ukivutwa kutoka mwisho ufaao, mshono wote hufumuka kwa mkupuo mmoja. Ukingo uliofungwa kwa mshindio peke yake una hatari hiyo hiyo. Katika utepe wa kufungia zawadi hatari hiyo si kitu. Katika mkanda wa usalama, ambao siku moja utabeba uzito wa mtu kwa ghafla, haivumiliki.

Kwa hiyo zimebuniwa namna mbalimbali za kuuhifadhi ukingo. Katika namna moja uzi wa pili, mwembamba, ndio unaotengeneza mnyororo, na mshindio hushikwa nao tu. Hapo ukingo hauvimbi, na tofauti yake na ukingo wa pili huonekana kwa shida. Katika namna nyingine mshindio na uzi wa kufungia hunaswa pamoja na kulabu moja, hata mmoja ukikatika, wa pili huushikilia mshono. Mikanda ibebayo uzito huhitaji ukingo uliofungwa kwa namna kama hiyo.

Kidau nacho hakijaondoka kabisa. Kwa kuwa uzi wake huzunguka bila kukatika, chaweza kufuma mrija usio na mshono, na mirija ya namna hiyo hutumiwa na madaktari kupandikiza mahali pa mishipa mikubwa ya damu iliyoharibika.

7. Mafunzo kwa waundaji wa istilahi

Maelezo haya yanatoa mafunzo matatu. Kwanza, kabla ya kuazima, hapana budi kuuliza kilichokwisha kuwapo. Mtande, mshindio na taraza ni maneno mafupi, yenye vitenzi hai nyuma yake au pembeni mwake, na mwanafunzi hayahitaji kuyakariri bila kuyaelewa.

Pili, istilahi ya jumla isichukue nafasi ya istilahi mahususi. Neno kipitishio laweza kutumiwa kwa chombo chochote kipitishacho mshindio, lakini kwa sababu hiyo hiyo halitoshi kutofautisha kidau na sindano. Kidau hubeba akiba. Sindano hukokota kitanzi. Mwanafunzi aliyeishika tofauti hiyo aweza kujibu mwenyewe kwa nini mtambo mmoja huenda polepole, na kwa nini mwingine huhitaji mnyororo ukingoni.

Tatu, neno la kawaida likipewa kazi mpya sharti mipaka yake itajwe. Sindano katika mazungumzo ya kila siku hutoboa. Sindano ya mshindio haitoboi chochote. Hupita katika njia iliyokwisha funguliwa. Mwalimu asipolisema hilo, mwanafunzi atadhani kwamba utepe umeshonwa, ilhali umefumwa.

8. Hitimisho

Mtambo wa tepe ulipata kasi pale shehena ilipoachwa pwani na uzi peke yake ukavushwa. Na hasara iliyotokana na hatua hiyo imelipwa ukingoni, kwa mnyororo unaopaswa kulindwa. Jambo hilo limeelezwa hapa kwa Kiswahili, na maneno mengi yaliyotumika yanafahamika kwa mtu ambaye hajawahi kuingia kiwandani. Linalobaki ni kuyapeleka maneno hayo kwa mafundi na walimu wa vyuo vya ufundi, ambao kila siku wanaishika mitambo yenyewe, wayajaribu kazini. Wakiyaona hayafai, wao ndio wenye haki ya kwanza ya kuyasahihisha.