Tuchague msumeno gani kwa kujenga upya nyumba zetu?



Mwezi wa Februari 2025 kambi nyingi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka Goma zilibaki tupu. Familia zilielekea Masisi, Rutshuru, Nyiragongo na Kalehe, na wengi walikuta nyumba zao zimebomolewa. Ni vema kikundi kifikiri mambo manne kabla ya kutoa pesa ya msumeno.

1. Kazi
Kwa mlango mmoja na madirisha mawili, msumeno wa mkono unatosha, wala hauombi mafuta. Kwa nyumba kumi za mbao, msumeno wa umeme wenye diski utaokoa siku nyingi. Diski ya milimita 190 inakata mbao yenye unene wa sentimita 6 hivi. Msumeno wa mnyororo ni wa kuangusha miti na kupasua magogo. Haufai kwa kutengeneza mlango.

2. Umeme
Tusome kibandiko cha mashini. Umeme wetu ni wa volti 220. Mashini ya volti 110 itaungua. Wakati wa kuwaka, msumeno huvuta nguvu nyingi kuliko ilivyoandikwa. Kwa msumeno wa wati 1.400, tutafute jenereta ya wati 3.000 hivi. Tuulize pia kama diski za akiba zinapatikana sokoni kwetu.

3. Usalama
Mbao za nyumba ya zamani zina misumari: tuing'oe yote kwanza. Tusitoe kifuniko cha diski. Tuchomoe waya kabla ya kubadilisha diski. Anayekata avae miwani ya kazi, asivae nguo inayoning'inia, na watoto wakae mbali.

4. Makubaliano
Msumeno wa wote unaweza kuleta ugomvi. Tuandike mbele ya watu: nani anautunza, nani anafuata kwa zamu, nani anatoa mafuta, na ukivunjika nani analipa. Kamati iwe na waliorudi na waliobaki kijijini, wanawake na wanaume. Anayetunza mashini asiwe yule anayetunza pesa. Wajane na wazee wasio na mtu wa kuwajengea wawe wa kwanza kwenye zamu.

Viongozi, tunawaomba muangalie jambo hili zaidi: msumeno wa mnyororo unaangusha kwa dakika chache mti uliopandwa miaka mingi kama alama ya mpaka. Mwenye shamba akiwa bado ukimbizini, atarudi akute mpaka umepotea, na kesi ya shamba itaanza. Kwa hiyo mti wa mpaka usikatwe. Na mti mwingine usikatwe shambani mwa mtu asiyekuwepo mpaka yeye mwenyewe au jamaa yake akubali, mbele ya chifu na majirani wa pande zote.

Nyumba iliyojengwa kwa mti wa jirani haina usingizi.