Gharama ya Maji Isiyoingia Hesabuni: Uchanganuzi wa Gharama na Faida za Kimazingira katika Hoteli za Pwani ya Mashariki ya Unguja

Uchanganuzi wa gharama na faida za kimazingira humwezesha mfanyabiashara kupima uamuzi wake kwa kujumuisha athari ambazo hesabu za kampuni hazizioneshi. Matumizi ya maji katika hoteli za pwani ya mashariki ya Unguja yanadhihirisha kwamba matokeo ya uchanganuzi huo hutegemea swali moja la awali: gharama za nani zinahesabiwa?

Katika ukanda huo wa maweni, maji baridi hutokana na mvua inayopenya kwenye mawe ya matumbawe na kutanda juu ya maji ya chumvi. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001 ulibaini kuwa mtalii mmoja alitumia wastani wa lita 685 kwa siku, ilhali mkaazi alitumia lita 48. Sehemu kubwa ya maji ya hoteli ilitumika kumwagilia bustani. Maji hayo yakivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia visimani.

Kwa mwekezaji, gharama ya maji ni kisima, pampu na nishati; kwa hesabu hiyo, bustani ya majani mabichi huonekana kuwa na faida. Mchanganuzi anayejumuisha jamii hana budi kuongeza gharama ya kupata chanzo kingine cha maji kwa vijiji jirani, pamoja na muda unaopotea kuyafuata mbali. Bustani ileile yaweza kuwa hasara.

Ugumu wa pili ni wakati. Hasara ya shilingi milioni 100 itakayotokea baada ya miaka 20 ina thamani ya sasa ya takriban milioni 15 kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10 kwa mwaka, lakini takriban milioni 55 kwa asilimia 3. Hivyo basi, uchaguzi wa kiwango hicho ni uamuzi kuhusu uzito wanaopewa watakaochota maji baadaye.

Aidha, mbadala sharti ulinganishwe. Katika kisiwa cha Chumbe, kilichoanza kupokea wageni mwaka 1998, nyumba 7 za wageni hukinga maji ya mvua kwenye mapaa, na vyoo vyake vya mboji havitumii maji ya kusukumia. Hapo gharama ya maji hubebwa na mwekezaji tangu ujenzi, badala ya kuachiwa majirani.

Hata hivyo, jumla yenye faida haitoshi kuhalalisha mradi iwapo anayefaidika ni hoteli na anayepoteza ni kijiji kisicholipwa fidia. Kwa sababu hiyo, ufundishaji wa somo hili unapaswa kumtaka mwanafunzi aandae hesabu mbili za uamuzi mmoja, ya mwekezaji na ya jamii, kisha aeleze tofauti kati yake inalipwa na nani.