Unauza mafuta ya mchaichai ya kufukuza mbu? Futa neno "malaria"

Mvua zikianza tu, stetasi zinajaa mchaichai, mkaratusi na karafuu. Biashara ipo, maana ile harufu mbu kweli hawaipendi. Shida ni yale maneno chini ya picha: "Paka, lala bila neti." Hayo yafute leo leo.

Mafuta haya yanapotea hewani haraka. Ya mchaichai mara nyingi hayafiki hata masaa 2, na mbu wa malaria anauma usiku kucha. Mteja akimpaka mtoto saa 3 usiku, ikifika saa 6 hana kinga, na neti uliishamwambia aivue.

Kwenye lebo andika: "Rudia kupaka kila baada ya saa moja. Ukilala, tumia neti." Usiuze makali hivyohivyo, yanaunguza ngozi. Changanya: matone 2 au 3 kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi. Ya mkaratusi, mwenye mtoto mdogo usimuuzie kabisa.

Akiuliza inboksi "nalala nayo?", mjibu ni ya barazani jioni. Watafute mama lishe, wauza chipsi, bodaboda kijiweni. Wanakaa nje hadi usiku, na chupa kwao inaisha haraka.